Ndara za Manyoya Masikioni mwa Injinia

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alisimama mezani nyumbani kwa shangazi mchana mmoja, akafuta mdomo, akatutangazia kwamba masikio kama yake hayapo katika ukoo wetu wala katika ukoo wao. Sisi wengine, alisema, tuna masikio ya kuning'inizia hereni. Yeye ana mitambo.

Hakuna aliyeshtuka. Tulikuwa tumeshamzoea. Huyu ndiye mtu aliyejipa mwenyewe jina la Injinia wa Sauti kwa sababu anakodisha spika kwenye sherehe na anajua waya upi unaingia tundu lipi. Watu waliona jina ni refu, wakalikata, likabaki Injinia. Hakulalamika hata kidogo. Kipande kilichobaki ndicho kilichokuwa na cheo.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na sababu ya kusimama. Shangazi anauza magodoro, na alikuwa karibu kufungua duka la pili, kubwa kuliko la kwanza, lenye vitanda vilivyotandikwa kabisa ili mteja ajilaze kabla ya kununua. Alikuwa amepata wazo. Mteja akijilaza, avalishwe hedifoni, asikilize sauti za alfajiri kilimani: ndege, majani, ukimya wa mbali. Mwili ulegee, moyo utulie, godoro linunuliwe. Alitaka sauti za kweli, zilizorekodiwa hapa hapa kwetu, siyo za kuokota okota mitandaoni.

Dada yangu, ambaye anafanya kazi kwa shangazi na alikuwa anatarajia kupewa umeneja wa hilo duka jipya, ndiye aliyemtaja mumewe. Nilimwona akijuta kabla hajamaliza sentensi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Injinia akachomoa mfukoni kiboksi, akakifungua polepole kama mtu anayeposa. Ndani mlikuwa na maiki mbili, ndogo kama punje za mahindi, zenye waya mwembamba unaoishia kwenye kinasa sauti cha mkononi. Alitufafanulia kwamba hizi hazishikwi mkononi wala hazisimamishwi kwenye nguzo. Unazivaa masikioni, moja kulia, moja kushoto, kisha unakaa tu. Kichwa chako ndicho kinakuwa studio. Atakayesikiliza baadaye atasikia kila kitu pale pale kilipokuwa: ndege wa kushoto atalilia kushoto, mbwa wa nyuma atabweka nyuma, na mtu atajihisi amekaa ndani ya fuvu la Injinia.

Shangazi aliuliza kama humo ndani kuna nafasi, maana kwa jinsi anavyomjua mkwe wake, mnaonekana mmejaa. Injinia alicheka kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kupewa kazi. Na kweli alipewa. Shangazi alimwambia dada, pembeni lakini siyo pembeni sana, kwamba jambo hili likiharibika siku ya ufunguzi mbele ya wageni, suala la umeneja wataliongelea upya.

*

Kilima chetu kinaanzia nyuma ya mtaa, na juu yake kuna tangi kubwa la maji lililozungushiwa ukuta. Ni pahali pazuri. Kuna ndege, kuna nyasi, na kuna upepo. Upepo wa pale ni wa kudumu, kama mtumishi aliyethibitishwa kazini.

Injinia alipanda asubuhi, akashuka kabla ya chai, akatukusanya sebuleni. Mimi nakaa nyumba ya jirani na nina cherehani yangu kwenye kibaraza, kwa hiyo mambo ya nyumba ile huwa hayanipiti. Alimkalisha dada kwenye kochi, akamvalisha hedifoni kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache kumtazama akiburudika.

Dada alisikiliza. Alikunja uso, akaukunjua, akaukunja tena. Mwisho aliuliza lile lori linamwaga kokoto wapi.

Injinia alisema hakuna lori. Nikapewa zamu yangu. Nilisikia kishindo, kisha mngurumo, kisha kama mtu anatikisa bati jipya karibu na shavu langu. Nikauliza ndege wako wapi. Akajibu kwamba ndege wapo, ila wako nyuma ya huo upepo. Alilisema hilo kana kwamba ni kosa letu kutowaona.

Ndipo vita vilipoanza. Upepo, kama tulivyokuja kufundishwa kila siku wakati wa kula, hauna kelele wenyewe. Kelele inatokea pale hewa inapoligonga lile tundu dogo la maiki. Kwa hiyo dawa ni kuizuia hewa isifike pale kwa kishindo, lakini sauti ipite. Injinia alieleza jambo hili vizuri sana. Hata leo nikiamshwa usingizini naweza kulieleza. Kilichomshinda kilikuwa ni kulitenda.

Alianza na sponji ya kuoshea vyombo. Alikata vipande viwili, akavitoboa, akavivisha juu ya maiki. Upepo ulipungua kidogo, lori likawa gari dogo. Lakini sponji ile alikuwa hajaikausha vizuri, na povu lililobaki ndani lilikuwa linapasuka moja moja, kwa hiyo alfajiri yetu ya kilimani ikawa na mlio wa mtu anayesuuza masufuria.

Akahamia kwenye pamba. Alijaza pamba masikioni, ikafura nje pande zote mbili, akatoka hivyo kupita mtaani. Majirani walimpa pole. Fundi viatu alimwambia asiogope, hata yeye aliwahi kutoka usaha na akapona. Mama mmoja alimzungumzisha kwa ishara za mikono mtaa mzima. Injinia alirudi amekasirika, na kwenye rekodi hapakuwa na upepo wala ndege wala kitu kingine chochote isipokuwa mapigo ya moyo wake, mazito, kama mtu anatwanga nyumba ya pili.

Dada alimwomba, kwa upole, amwite mtu mwingine amsaidie. Alijibiwa kwamba waanzilishi wote wa dunia hii walivunjwa moyo na wake zao.

*

Jambo la soksi lilitokea siku ya soko, na ninalieleza kama dada alivyonieleza, maana yeye ndiye aliyeitwa.

Injinia alikuwa amewaza kwamba kitambaa chepesi kilichokaza kichwa kizima kitafanya kazi ambayo pamba ilishindwa kuifanya. Alifungua droo ya dada, akachukua soksi ndefu ya nailoni, ya kuvalia sketi. Alipofika juu kilimani aliivuta kichwani mpaka kidevuni. Pua ikalala, macho yakawa vistari viwili. Nyaya mbili zilichomoza chini ya shingo na kuingia kwenye mkoba uliokuwa unawakawaka taa nyekundu. Akiwa katika hali hiyo, aliusogelea ukuta wa tangi linalonywesha mji mzima, akajibanza.

Mlinzi wa tangi alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumkamata mtu, na kwa kweli alikuwa ameshaanza kukata tamaa.

"Vua hiyo soksi kwanza," alimwambia, "halafu ndiyo unieleze jina lako."

"Siwezi kuivua. Upepo utaingia."

"Utaingia wapi?"

"Masikioni, mzee wangu. Naukwepa."

Mlinzi aliona hapa kuna jambo kubwa kuliko alivyofikiri. Alimkalisha chini kwenye kibanda chake, akachukua simu ya Injinia, akapiga namba iliyoandikwa "Mke".

Dada alifika anahema. Mlinzi akamwonyesha mtu aliyekuwa amekaa kwenye ndoo, soksi imevutwa mpaka kwenye paji la uso, inaning'inia kwa nyuma kama mkia, akamuuliza kama anamfahamu. Dada aliinama, akaishika ncha ya ule mkia, akaikagua.

"Namfahamu," alisema hatimaye. "Na soksi ni yangu."

Waliteremka kilima, dada mbele, Injinia nyuma. Kufika karibu na nyumbani Injinia alisema kwamba, kwa kuwa wako peke yao, angependa dada ajue kuwa nailoni haifai.

*

Lakini nisimwonee. Mtu huyu ana majigambo, ila hana uvivu. Siku zilizofuata alinyamaza, na Injinia akinyamaza ujue anafikiri kweli. Alichukua wigi la dada, lile la sherehe, akalijaribu mbele ya feni ya mezani. Akagundua mambo mawili. La kwanza, nywele nyingi ndefu zinaivunja hewa vizuri kuliko kitambaa chochote. Hewa inapotea humo kama mgeni kwenye jengo la serikali. La pili, nywele zikiigusa maiki zinapiga kelele kama mafuta ya moto. Kwa hiyo kinachotakiwa ni manyoya kwa nje, nafasi tupu kwa ndani, na maiki katikati isiyoguswa na kitu.

Alikuja kibarazani kwangu na mchoro. Nilimwambia sina manyoya. Akasema anajua yalipo.

Dada alikuwa na ndara za nyumbani za manyoya meupe, laini, zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, alizokuwa anazivaa akishaoga na akitaka dunia imwache. Sitaeleza jinsi zilivyonifikia. Nilizipasua, nikafua manyoya, nikayashona juu ya vichujio viwili vya chai vilivyokatwa mikono, vile vya waya vilivyobinuka kama bakuli. Tukavifunga kwenye ukanda wa kichwani, kimoja kila upande, sikio likakaa ndani yake bila kuguswa. Shemeji akavaa, akajitazama kwenye kioo changu cha wateja. Alifanana na kondoo aliyepata kazi ya urubani.

Tulijaribu sebuleni kwao. Dada, ambaye alikuwa bado hajaangalia chini ya kitanda kutafuta ndara zake, alishika feni. Feni ikiwa pole pole, kimya. Ya kati, kimya. Akaongeza mpaka mwisho, mapazia yakaruka, kalenda ikang'oka ukutani, na kwenye rekodi tukasikia mvumo mdogo tu wa chini kabisa. Injinia akabonyeza kwenye kinasa sauti kitufe cha kukata ngurumo, na huo mvumo nao ukaondoka. Tulichosikia ni kalenda ikianguka, upande wa kulia, nyuma kidogo, pale pale ilipoangukia.

Nilipiga makofi, kwa kweli nilipiga. Hata dada alicheka. Kisha akayatazama yale manyoya kwa makini, akaacha kucheka.

*

Baada ya hapo hakushikika. Alitembea kifua mbele. Alizungumza juu ya upepo kama mtu anayemzungumzia mdeni wake. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi hakufumba macho kwa furaha. Dada anasema alikuwa akigeuka kitandani na kunong'ona maneno kama "uelekeo" na "kinga".

Alfajiri alipanda kilima na vifaa vyote, na wazo jipya ambalo alilipata mwenyewe na ambalo, nakubali, lilikuwa na akili. Mteja wa shangazi atakuwa amelala chali. Basi naye, kichwa kinachorekodi, lazima kiwe kimelala chali, ili ndege wapite juu kama inavyostahili. Kwa hiyo alibeba godoro jembamba la mfano kutoka dukani, amelikunja mgongoni. Alibeba na blanketi, kwa ajili ya baridi. Mlinzi, ambaye sasa walikuwa marafiki, alimwonyesha kibonde nyuma ya ukuta wa tangi, mahali ambapo upepo unapita juu na kuacha chini pametulia kimya.

Injinia akatandika godoro kibondeni. Akajilaza. Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Manyoya laini yakamfunika masikio yote mawili. Akabonyeza kitufe, akafumba macho ili asikie vizuri.

Nyinyi mnaosoma mmeshaona kinachokuja. Yeye hakukiona.

Alirudi jua likiwa limechomoza, uso umeng'aa, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Dada alimuuliza kama imekwenda vizuri. Akamvalisha hedifoni. Dada alisikiliza dakika za mwanzo, na hata mimi nilisikiliza, na nitasema ukweli: ilikuwa ni ajabu. Ndege mmoja aliita mbali kushoto, mwingine akamjibu kulia, karibu sana, mpaka nikageuza shingo. Jani lilidondoka. Jogoo wa bondeni aliwika, kama yuko nchi nyingine. Upepo haukuwepo kabisa. Dada alimshika mumewe mkono.

Akamuuliza kama ameisikiliza yote mpaka mwisho.

"Niisikilize ya nini?" alisema Injinia. "Nilikuwepo."

*

Siku ya ufunguzi duka lilijaa. Wageni waliovaa vizuri, wateja wa zamani, majirani waliofuata vinywaji. Vitanda vilipangwa mistari, shuka nyeupe, na juu ya kila mto hedifoni. Shangazi alivaa gauni la kijani lililomfanya aonekane kama bendera ya nchi tajiri. Dada alisimama mlangoni akiwapokea watu kwa sauti ya meneja, ingawa umeneja wenyewe ulikuwa bado hewani.

Injinia aliomba dakika moja aseme neno. Alisema mengi. Alieleza sponji, akaeleza pamba, soksi akairuka, akafika kwenye manyoya na nafasi tupu ya ndani. Alisema watu wengi hudhani kurekodi ni kubonyeza kitufe, kumbe ni kukesha. Neno hilo, kukesha, alilitamka mara mbili. Shangazi akamkatiza kwa kupiga makofi, na sote tukafuata. Akawaomba wageni wajilaze.

Nilijilaza nami. Duka likatulia. Ndege wakaanza, kushoto, kulia, juu. Nilitupa jicho kando nikaona nyuso zinalegea. Mzee mmoja wa tai alikuwa ametabasamu kama mtoto. Shangazi mwenyewe, kwenye kitanda cha mbele, alikuwa amefumba macho na kukunja mikono kifuani. Injinia alisimama katikati ya duka, mikono nyuma, kama daktari bingwa anayepitia wodi yake.

Kisha, katikati ya ndege, nikasikia mtu anapumua.

Hakuwa mbali. Hakuwa kushoto wala kulia. Alikuwa ndani ya kichwa changu. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia, na mwishoni mwake pakatoka mluzi mwembamba kama wa birika linaloanza kuchemka. Akavuta tena. Safari hii njiani pumzi ilikutana na kitu, ikakisukuma, ikakivuka kwa kishindo. Kimya. Ndege akalia kidogo, kwa wasiwasi. Halafu akakoroma.

Nimewahi kusikia watu wakikoroma. Lakini kukoroma kwa chumba cha pili ni jambo moja, na kukoroma kunakotokea katikati ya nyusi zako ni jambo lingine. Mzee wa tai aliinuka ghafla, akawaomba radhi watu wa kulia na kushoto, akisema ana uchovu wa safari. Mama wa kitanda cha pili alimchapa mumewe kiwiko cha mbavu. Mume, ambaye alikuwa macho kabisa, akamwambia kwa uchungu kwamba mara hii si yeye. Mbishano wao ulionekana kuwa wa miaka mingi. Watu wakaanza kukaa kitako mmoja mmoja, wakitazamana, kila mmoja akitaka kujua nani amelala naye.

Injinia bado alikuwa anatabasamu. Alidhani wameguswa.

Shangazi aliketi, akavua hedifoni, akamwita kwa kidole. Akamvalisha yeye mwenyewe. Nilimwona shemeji akisikiliza. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda, limesahauliwa pale, huku macho yakiwa yameshaondoka.

"Huyo ni chura," alisema.

Kwenye hedifoni tulizokuwa bado tumezivaa, kukoroma kulikatika, godoro likanong'ona mtu akijigeuza, na sauti nzito ya usingizi, tunayoifahamu sote, ikatamka polepole maneno yaliyosikika kila kitanda.

"Chura gani," dada aliuliza kwa sauti ya chini, hedifoni ya kitanda cha karibu ikiwa sikioni, "anayesema 'mke wangu, zima feni'?"

Kicheko kilianzia nyuma kwa waliofuata vinywaji, kikaja mbele. Shangazi hakucheka. Alisimama, akanyoosha gauni, akamwambia dada waonane ofisini. Dada alitazama chini. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Injinia alisogea kwa shangazi, akamwambia kwa sauti ndogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwamba kosa ni lake, mkewe hakujua lolote, amwadhibu yeye. Nilimpenda sana dakika ile, nakiri.

Shangazi akaniagiza nizime sauti. Nikazima.

Na hapo, kwenye kitanda cha kona, mtu akalalamika.

*

Alikuwa mama mmoja, muuguzi mstaafu, mteja wa shangazi wa tangu zamani, ambaye alikuja kutafuta godoro la mgongo. Katika vurugu zote zile hakuna aliyekumbuka kumtazama. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa sambamba sakafuni. Alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, shuka ameivuta mpaka begani, usingizi wa kweli kabisa. Nilipozima, aliamka.

Aliuliza nani amezima.

Shangazi alimwendea akaanza kumwomba radhi kwa ajili ya kelele. Yule mama akamkatiza kwa mkono. Alikaa kidogo akijipangusa macho kabla ya kusema.

"Mwenzangu alikuwa akikoroma hivi hivi," alisema. "Na huo mluzi wa mwishoni. Miaka yote nilikuwa nikimpiga mto. Tangu alipoondoka nyumba imekuwa kimya mno, sipati zaidi ya lepe la usingizi." Akapapasa godoro. "Hili nalichukua. Na hiyo sauti naichukua pia. Nionyesheni tu pa kubonyeza."

Mama aliyempiga mumewe kiwiko aliuondoa mkono wake mbavuni, akauweka begani. Kisha mtu mmoja, mzee mwenye fimbo, akauliza kama na yeye anaweza kurudi kwenye kitanda chake, na iwashwe tena, maana hata kwake hakuna mtu. Mwingine akasema binti yake amehamia mji wa mbali na analala vibaya peke yake.

Shangazi aliwatazama. Ni mwanamke wa biashara tangu ujana, na nilimwona uso ukigeuka kutoka hasira kuja kwenye hesabu, bila kupitia njia ndefu. Akanigeukia akaniambia niwashe.

Jioni, wageni walipoondoka, alituita ofisini. Dada akakabidhiwa funguo za duka. Injinia akavuta kiti, akakohoa, akaanza kueleza kwamba kwa rekodi ijayo angependekeza manyoya marefu zaidi na kibonde chenye kina. Shangazi alimwacha mpaka akapungukiwa na pumzi. Kisha akamwambia kwamba rekodi ijayo itafanyika nyumbani, kitandani, madirisha yamefungwa, na iwe ya usiku mzima. Na kwa kuwa mtu aliyelala hawezi kubonyeza kitufe, fundi wa kurekodi atakuwa dada.

Injinia aliuliza, basi yeye atakuwa nani. Shangazi akasema yeye atakuwa amelala.

Hakuafiki. Kwa wiki nzima alizunguka na jambo hili rohoni. Alitaka angalau mtu mmoja atambue kwamba katika rekodi ile, ukiacha mambo mengine yote, hapakuwa na upepo hata chembe. Kwa hiyo aliposikia kwamba yule mama muuguzi amerudi dukani kuchukua foronya, alivaa shati la kupiga pasi, akaenda. Nilikuwepo, nilipeleka mapazia.

Alijitambulisha kwake kwa cheo kamili, kisichokatwa. Akamsimulia. Alianza na hewa inavyogonga tundu, akapita kwenye sponji, akafika kwenye vichujio vya chai, akiinua mikono masikioni kuonyesha. Mama wa watu alisikiliza kwa adabu, foronya mkononi. Aliitikia kwa kichwa pale palipostahili. Injinia alipotulia kidogo kuvuta pumzi, yule mama alimwinamia dada akamuuliza huyu kijana mwenye maneno mengi ni nani.

Dada akamwambia ndiye mume wake, yule wa kwenye rekodi.

Mama akamgeukia Injinia tena. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kwenye paji la uso, taratibu, kama anatafuta mahali pa kumfananisha. Hakupapata. Akamshika dada mkono, akamwambia kwa upole wa mtu aliyewahi kutoa habari mbaya nyingi wodini:

"Akilala ni mtu mzuri sana."